Mwindaji Arudipo Uani: Mhusika Mmoja wa Ngano na Ufundishaji Wake Mpakani

Miongoni mwa wahusika wanaokutwa mara kwa mara katika ngano za Afrika Mashariki, mwindaji huenda ndiye anayefundishwa vibaya kuliko wote. Kauli hii ni nzito, nasi hatuitoi kwa pupa. Tumeifikia baada ya kusoma, kwa miaka kadhaa, insha za wanafunzi wa Busia na wa Tororo, na kuona kwamba katika madaftari hayo mwindaji amesalia wa namna mbili tu. Wa kwanza ni pande la mtu mwenye upinde mgongoni, asiye na mke wala mama wala jirani, ambaye humwua simba na hapo hadithi ikaisha. Wa pili ni mhalifu; hukamatwa na askari wa wanyamapori katika aya ya mwisho na kupelekwa kortini. Wa kwanza ametoka katika filamu na michezo ya simu. Wa pili ametoka katika taarifa ya habari. Yule wa tatu, aliyesimuliwa na bibi za watoto hao hao kwa Kisamia, Kipadhola na Kiteso, hayumo. Huyo ndiye tunayemtafuta katika makala haya.

Yafaa tueleze kwanza mahali tunapozungumzia. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda, na mtu aweza kununua muhogo upande mmoja akaupika upande wa pili kabla jua halijatua. Kaskazini yake, mwendo usio mrefu, upo Tororo, mji unaotambulika kutoka mbali kwa ule mwamba wake unaosimama peke yake juu ya tambarare. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na Wateso vilevile. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki katika Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Mpaka uliotokana na mabadiliko ya nyakati hizo ulizikata koo katikati, lakini ngano hazikuulizwa hati ya kusafiria. Hata jina la Mungu limevuka: Wapadhola humwita Were, na Waluhya wengi humwita Were au Wele. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili wa huku, awe Kenya au Uganda, ana darasa ambalo tayari lina ngano moja katika lugha tatu. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu mwaka 2020, pale mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari nchini Uganda ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kwa miaka miwili ya mwanzo. Walimu wenzetu wa Tororo wanatafuta cha kufundishia, na kilicho karibu kuliko vyote ni hadithi ambazo watoto wamekuja nazo kutoka nyumbani.

Lakini wanachopewa ni miongozo. Mmoja uliotufikia (hatuutaji jina, maana inafanana karibu yote) unamweleza mwindaji wa ngano kwa maneno manne: jasiri, mvumilivu, mwenye bidii, mwenye mapenzi kwa jamaa zake. Mwanafunzi huyakariri, huyaandika katika mtihani, hupata alama zake nne. Hebu na tuzivishe sifa hizo kwa askari, kwa mkulima, kwa dereva wa lori la mizigo anayesubiri zamu yake pale Malaba. Zote zitawakaa. Nguo inayomkaa kila mtu haikushonwa kwa kipimo cha mtu yeyote, na uhakiki wa namna hiyo haujasema lolote juu ya mwindaji. Sisi tunaona kwamba kosa linaanzia hapo: tunamfundisha mwindaji kama furushi la sifa, ilhali katika ngano zetu yeye ni mtu wa kazi, na kazi yake ina masharti, ina madeni na ina watu wanaoingoja.

Tuitazame basi kazi yenyewe. Mwindaji hujua nyayo, hujua upepo unakotoka, hujua ni saa ngapi mnyama hushuka mtoni. Mkuki wake ameupata kwa mhunzi. Mbwa wake wana majina. Katika mawindo ya pamoja, jamii nyingi za huku zilipambanua baina ya aliyetia mkuki wa kwanza na aliyetia wa pili, na mafungu yao hayakuwa sawa. Kuna koo zilizokatazwa nyama ya mnyama fulani, hata mtu akarudi na nyama nzuri ambayo mkewe hawezi kuigusa. Yote hayo ni mambo ambayo fanani huyatumia. Anayesikiliza hangoji tu kujua kama mnyama atakufa. Anangoja kujua ni nini kitakachoingia uani pamoja na nyama.

Kuhusu neno hilo, ua, marehemu Profesa Bethwell Ogot ametusaidia sana katika maandishi yake juu ya historia na dini ya Padhola. Ameonyesha kwamba Wapadhola walimtambua Were kwa nafasi mbili: Were Madiodipo, yaani wa uani, aliyelinda nyumba na watu wake, na Were Othim, wa porini, aliyewaongoza watu wawapo safarini, vitani na mawindoni. Sisi si wataalamu wa dini, wala hatutaki kuigeuza imani ya watu kuwa kanuni ya fasihi. Hata hivyo mhakiki hawezi kuupita mgawanyiko huu bila kuutazama, kwa sababu ndio unaomweka mwindaji mahali pake. Yeye ni mtu atokaye katika milki moja akaingia nyingine, kisha akatakiwa kurudi. Mkulima hakai porini. Mchawi wa ngano hutoka usiku, lakini hutoka kwa siri. Mwindaji huenda mchana, kwa idhini ya watu wa nyumbani, na nyumbani humhesabia siku.

Chukua ngano ya mwindaji na mbwa wake, ambayo husimuliwa sehemu nyingi za Afrika. Mwindaji anakwenda porini akiwaacha mbwa wake wamefungwa, naye amemwachia mama yake chungu cha maji na agizo moja: ukiona maji yamegeuka damu, wafungue mbwa. Huko porini anakutana na majitu, yale ambayo Waluhya huyaita amanani, akakwea mti. Majitu yanaukata mti kwa shoka. Mti ukikaribia kuanguka, yeye anarukia wa pili, kisha wa tatu, huku akiwaita mbwa wake kwa majina. Kila jina huimbwa, na hadhira huitikia.

Tuliwasikiliza wanafunzi wakiisimulia ngano hii darasani, na karibu wote walikaa juu ya mti. Walieleza shoka, walieleza meno ya majitu, walieleza mwindaji anavyoruka. Mama na chungu chake walipewa sentensi moja. Lakini tukiutazama muundo wa ngano tunaona kwamba wokovu wote umewekwa jikoni. Upinde wa mwindaji hauna kazi yoyote katika saa ile. Kinachohitajika ni mtu mmoja nyumbani asiyeyaondoa macho yake kwenye maji. Fanani hodari hulijua jambo hili, na kwa sababu hiyo humpeleka msikilizaji mtini na kumrudisha jikoni, mtini tena, jikoni tena, mpaka watoto wanaanza kumpigia mama kelele kwamba atazame chungu. Ukiyaondoa majiko katika ngano hii, utabaki na mtu anayeruka miti.

Ngano ya Sultani Majnuni, aliyoikusanya Edward Steere huko Unguja na kuichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales, inakwenda njia hiyo hiyo kwa ustadi mkubwa zaidi. Paka wa sultani anakula kuku, kisha mbuzi, kisha watu. Kila anapoletewa mashitaka sultani husema kwamba paka ni wake na mali ni yake. Paka huyo anakuwa nunda na kuwaua hata wana wa sultani. Mwana aliyekuwa akidharauliwa ndiye anayetoka kumtafuta. Anamwua mnyama wa kwanza, anamburura mpaka nyumbani, anamwuliza mama yake kama huyo ndiye nunda, naye mama anamwambia siye. Anarudi porini. Anamleta mkubwa kuliko wa kwanza, anaambiwa siye. Hivyo hivyo mara nyingi, mnyama baada ya mnyama, hata mwalimu wa darasa la chini aweza kuitumia ngano hii kufundisha majina ya wanyama wa pori kuanzia mdogo mpaka ndovu. Lakini tuone ni nani aliye na ujuzi hapa. Kijana ana nguvu za kuua, mama ndiye ana maarifa ya kutambua. Kila ushindi wake hupimwa uani na kukataliwa. Na zaidi ya hayo, mnyama anayetafutwa porini alizaliwa na kulelewa sebuleni kwa mfalme. Hatujui ngano nyingine ya Kiswahili inayosema jambo kali kama hili juu ya watawala kwa sauti ya upole namna hii, na tunasikitika kwamba mara nyingi huletwa darasani kama hadithi ya paka.

Jirani zetu Wabukusu wana Mango, aliyeliua joka lililokuwa limewamaliza watu, wakiwamo wanawe. Hatumwiti mwindaji kwa kazi, ila njia aliyoitumia ni ya mtegaji: alilivizia pangoni mwake, akalikata kichwa lilipokuwa likiingia. Na yeye pia hadithi yake haishii pangoni. Inaishia kwa Barwa, majirani waliokuwa wakimdharau, ambao baada ya tendo lile walikubali kumtahiri. Yaani ushindi ulikamilika siku ulipotambuliwa na watu.

Sasa twende mbali kidogo na mpaka, tufike Usambara, kwa sababu huko kuna maandishi ambayo kwa mwalimu wa somo hili ni hazina kuliko mengine yote. Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi kilichapishwa kwa sehemu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa upya mjini Nairobi mwaka 1962 na East African Literature Bureau kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Kinamhusu Mbegha, mtu wa Nguu, aliyezaliwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Jamaa zake walimkataa na kumnyima urithi. Akaishi kwa kuwinda nguruwe. Alipofanya urafiki na mwana wa mkuu wa Kilindi, rafiki huyo aliuawa na nguruwe mawindoni, na Mbegha akakimbia tena. Hatimaye akafika milimani kwa Washambaa akiwa na mbwa wake na nyama yake. Wao walikuwa na mashamba. Yeye alikuwa na nyama. Akawapa nyama, wakampa vyakula vya shamba. Akawaondolea nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao. Akaua simba. Mwishoni akatawazwa Vuga, na ukoo wake ukatawala kwa vizazi vingi.

Mwanafunzi ambaye amefundishwa maneno manne ya mwongozo atasema hapa kwamba Mbegha ni jasiri. Tutamwuliza: ujasiri wake ulimpa nini huko Nguu? Haukumpa kitu; alifukuzwa pamoja na ujasiri wake. Ni yule yule, kwa mkuki ule ule, aliyekuwa mkosi mahali pamoja na mfalme mahali pengine, na kilichobadilika katikati ni namna nyama yake ilivyopokewa. Steven Feierman, katika utafiti wake juu ya ufalme wa Washambaa uliotoka mwaka 1974, ameitazama kwa makini mabadilishano hayo ya nyama na vyakula vya shamba, na kila asomaye kisa hiki baada ya kumsoma yeye hawezi tena kuona ndani yake mapigano ya simba peke yake.

Lakini uhakiki usiishie katika sifa njema. Kitabu hiki kimeandikwa na mtu aliyewafahamu watawala wa Kikilindi kwa karibu, na kisa cha Mbegha ni kisa ambacho kila mtawala angependa kisimuliwe juu ya babu yake: hakuteka, alialikwa, hakupora, aligawa. Ukiendelea kusoma, kurasa za mbele zimejaa vita, utumwa na kodi zilizotozwa na wajukuu wa mgawaji yule. Mkono uliotoa nyama ulijifunza kupokea ng'ombe. Je, masimulizi ya mwindaji mkarimu yalitungwa ili kufunika jambo hilo, au yalihifadhiwa na raia ili kuwakumbusha watawala asili ya haki yao? Katika semina moja ya walimu tuliyohudhuria swali hili liligawanya chumba kizima hata chai ikapoa. Sisi tunaelekea upande wa pili. Mtawala anayesimuliwa kila mwaka kwamba babu yake alipewa enzi kwa sababu ya kugawa nyama amefungwa kamba shingoni, ingawa kamba hiyo ni ya dhahabu. Walio kinyume nasi wana hoja zao, na mwalimu mwema atawaachia wanafunzi wabishane.

Hata huko mashariki ya Kongo, katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, mwindaji huulizwa hesabu ya alichoua. Mwindo anatamani nyama ya nguruwe, anawatuma wawindaji wake, nao wanamezwa na joka lenye vichwa saba. Mwindo analiua, nasi tungedhani hapo atashangiliwa na kitabu kitafungwa. Kumbe joka lilikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, ambaye anamchukua Mwindo juu mbinguni, anamtesa kwa baridi na jua, kisha anamrudisha nyumbani na amri ya kutoua tena mnyama yeyote. Hatuna nafasi ya kumjadili vya kutosha, wala kumjadili Fagunwa wa Nigeria, ambaye riwaya yake ya Kiyoruba ya mwaka 1938 inamfuata mwindaji katika msitu wa mashetani. Inatosha kusema kwamba ulimwengu wa ajabu haukuletwa Afrika na filamu.

Na tukiwa tumetaja ulimwengu wa ajabu, tusiwaonee wanafunzi kwa kuipenda michezo yao. Mwaka 1974 ulitoka Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji huchagua aina ya mhusika atakayekuwa: shujaa wa upanga, mchawi, kasisi, na baadaye mlinzi wa msituni aliyefuata nyayo za Aragorn wa Tolkien. Tangu hapo michezo mingi imefuata mtindo huo, na katika World of Warcraft ya mwaka 2004 mwindaji ni aina kamili, mwenye silaha ya kupigia mbali na mnyama aliyemfuga anayepigana kando yake. Tumekaa na kijana mmoja wa kidato cha pili akatuonyesha kwenye simu mchezo wa jamii hiyo, naye alieleza kwa ufasaha ambao hatujawahi kuuona katika insha zake. Tulipomwuliza mwindaji huyu anaishi na nani, alicheka. Haishi na mtu. Ngozi huuzwa, fedha huhesabiwa, safari huendelea. Hata hivyo tukiri jambo moja: mchezo ule umemkumbuka mnyama mwandani wa mwindaji, nao mwongozo wetu wa maneno manne umewasahau mbwa kabisa.

Mwindaji wa pili wa insha zetu, yule wa kortini, ametoka katika historia ya sheria, na mwalimu hana budi kuifahamu. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na leseni zikawa ndio mlango wa pori. Wenye fedha za leseni walipita. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alisafiri na mwanawe Kermit katika Afrika Mashariki na nchi jirani mwaka 1909 na 1910, na baina yao waliua wanyama 512. Karibu zaidi na sisi, W. D. M. Bell, mwindaji wa ndovu wa Karamoja, alianzia safari zake Mumias, akaandika kitabu mwaka 1923. Hawa waliitwa wawindaji. Mwenyeji aliyefuata nyayo za paa bila karatasi aliitwa jangili, na neno hilo limekaa mpaka leo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977.

Hatusemi marufuku hayo yalikuwa mabaya. Ndovu wamemalizwa vya kutosha, na walioufaidi mchezo huo hawakuwa wanakijiji wa Samia. Tunalosema ni kwamba mtoto anayekutana na mwindaji katika ngano na kumwita jangili amechanganya nyakati mbili na haki mbili, na ni wajibu wetu kumtenganishia. Wala tusisahau kwamba Kiswahili chenyewe kilipita njia ya pembe. Misafara ya Waswahili iliyokuja kutafuta pembe za ndovu ilifika kwa Mumia katika karne ya 19, na maneno yetu yakabaki pale mizigo ilipobebwa kwenda pwani. Mwalimu wa Kiswahili wa Busia anayejitenga na habari za uwindaji anajitenga na asili ya kuwapo kwake mahali hapo.

Kuna pia hasara ya msamiati. Tuliwauliza wanafunzi wa madarasa matatu tofauti tofauti iliyopo baina ya kulenga na kufuma; hawakuijua, ingawa wengi walikuwa wamekwisha kuandika katika insha zao methali isemayo kulenga si kufuma. Podo hawakuijua. Kunyatia, kuvizia, kutega na kunasa yote waliyaweka chini ya kitenzi kimoja, kushika. Msasi walidhani ni jina la mtu. Na hapa tunataka kuwapa walimu wenzetu njia moja iliyotufaa, nayo haihitaji fedha. Katika vijiji vya Busia bado wapo wategaji wa kware. Mlingoti mrefu husimikwa shambani, na juu yake huning'inizwa vitundu vyenye kware waliokwisha kukamatwa. Alfajiri hao hulia, wale wa porini huisikia sauti ya wenzao wakateremka, na chini vitanzi vinawangoja. Ndege hao nao wako chini ya sheria. Mwaka 2014, Wakenya wengi walipokimbilia kuwafuga, leseni ilitakiwa hata ya kuwafuga nyumbani, na mwalimu awaeleze wanafunzi hivyo bila kuficha. Lakini mtegaji mzee akialikwa darasani aeleze mlingoti wake kwa lugha yake, na wanafunzi wakatafuta kwa Kiswahili neno la kila kitu anachokitaja, somo la saa moja hutoa maneno ambayo mwongozo hautoi kwa muhula mzima. Katika somo kama hilo tulijifunza wenyewe. Mzee alipoulizwa ni kitu gani kigumu kuliko vyote katika kazi ile, tulitazamia aseme kuamka alfajiri. Akasema ni kumchagua ndege wa kuita wenzake.

Jaribio letu la mwisho lilikuwa dogo. Katika shule moja upande wa Tororo tuliwataka wanafunzi waandike hadithi ya mwindaji kwa sharti kwamba waanze pale anapoingia uani. Yote yaliyotokea porini yajulikane kwa yale yanayosemwa nyumbani. Walinung'unika. Wengine waliandika ukurasa mmoja wakakwama. Baadhi yao walirudi siku ya pili na kueleza kwamba imewabidi kumwuliza bibi nani hupewa shingo na nani hupewa mguu wa nyuma, na majibu ya bibi wa Kipadhola na ya bibi wa Kiteso hayakulingana, jambo lililozaa ugomvi mzuri. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye Kiswahili chake bado kinayumba, aliandika kwamba mwindaji alipofika na swala begani, nyanya yake hakumtazama swala. Alihesabu mbwa kwanza. Walikuwa wanne, na asubuhi walikuwa wametoka watano.